Kocha katimuliwa katikati ya msimu: njia ya Di Matteo, ya Tuchel au ya Potter, ipi inafaa timu yako?

Kila msimu wa EPL, yaani Ligi Kuu ya England, kuna wiki magrupu ya WhatsApp yanawaka moto, kocha kapigwa chini, na ndani ya nusu saa kila mtu ashaleta jina lake. Huyu anataka kocha mkubwa aliyeshinda makombe, yule anasema apewe msaidizi mpaka Mei, mwingine anataka kijana mwenye falsafa apewe miaka mitano ajenge timu. Na wote wana mfano wa kutetea hoja yao na mifano yenyewe ni ya kweli, ndo maana ubishi hauishi. Mi naona tuziweke hizi njia ubavu kwa ubavu, na timu nitakayoitumia zaidi ni Chelsea, kwa sababu wao wamezijaribu zote, uwanja ule ule, ndani ya miaka 11, kuna zilizoleta UEFA (Ligi ya Mabingwa Ulaya) na kuna iliyowapeleka nafasi ya 12.

Nianze na hiyo ya nafasi ya 12, yaani 2022/23, maana kuna mengi ya kujifunza pale.

Ule msimu Chelsea ilikaliwa na watu wanne kwenye benchi. Thomas Tuchel aliuanza, wamiliki wapya wakiongozwa na Todd Boehly na kampuni ya uwekezaji ya Clearlake walikuwa wamenunua klabu Mei 2022, dirisha la kwanza la usajili wakamletea Sterling, Koulibaly, Cucurella, Wesley Fofana, na siku za mwisho kabisa wakamletea Aubameyang ambaye Tuchel alimfundisha Dortmund. Aubameyang akacheza mechi yake ya kwanza Zagreb tarehe 6 Septemba, Chelsea ikafungwa 1-0 na Dinamo, kesho yake asubuhi Tuchel kafukuzwa. Hebu fikiria hapo, umesajili straika kwa ajili ya kocha, kocha kakaa naye mechi moja. Kufika Februari Aubameyang hata kwenye orodha ya wachezaji wa UEFA katolewa.

Akaja Graham Potter kutoka Brighton, mkataba wa miaka mitano, akahama na benchi lake karibu lote. Na msisahau, alianza vizuri tu, mechi tisa za mwanzo hakufungwa, akaipiga AC Milan nyumbani 3-0 na kwao 2-0. Kipigo cha kwanza akakipata wapi, Brighton kule kule alikotoka, 4-1, tarehe 29 Oktoba. Baada ya hapo mambo yakaanza kwenda mrama, James kaumia, Chilwell kaumia, Kanté nje miezi na miezi, Kombe la Dunia likakata msimu katikati, halafu Januari ndo ikaja ile mvua ya usajili, wachezaji wanane dirisha moja, Enzo Fernández peke yake pauni milioni 106.8 ambayo ilikuwa rekodi ya Uingereza wakati ule, Mudryk, Madueke, Badiashile, João Félix kwa mkopo ambaye mechi yake ya kwanza tu pale Fulham akala kadi nyekundu. Shirikisho la UEFA liliruhusu kuongeza watatu tu kwenye orodha ya Ligi ya Mabingwa. Sasa kocha ana kikosi cha watu zaidi ya 30, ziliripotiwa habari za wachezaji kukaa chini sakafuni kwenye vikao vya timu kwa sababu viti havitoshi, na kila Jumamosi anatakiwa kuwaambia watu kumi na kitu wenye majina makubwa kwamba leo hamchezi.

Tarehe 1 Aprili Aston Villa wakaja Darajani (Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea) wakashinda 2-0, kesho yake Potter naye kaondoka, timu ikiwa ya 11. Msaidizi wake Bruno Saltor akashika mechi moja, sare ya 0-0 na Liverpool. Halafu wakamrudisha Frank Lampard, kiungo wao wa zamani aliyewahi pia kuwafundisha, akapoteza mechi sita za kwanza mfululizo, akashinda moja tu dhidi ya Bournemouth, jumla mechi 11 vipigo nane.

Ukizigawa pointi za ligi kwa kocha unaiona picha yote: Tuchel mechi 6 pointi 10, Potter mechi 22 pointi 28, Saltor mechi 1 pointi 1, Lampard mechi 9 pointi 5. Jumla 44, magoli 38 kwenye mechi 38, mfungaji bora wa ligi Havertz na goli 7.

Watu wengi wakiuangalia ule msimu wanasema Potter alikuwa mdogo kwa klabu kubwa. Mi sikubaliani sana. Potter aliajiriwa kwa kazi moja akapewa kazi nyingine. Alichukuliwa kama kocha wa mradi, mtu wa kujenga taratibu kama alivyofanya Brighton, lakini akaletwa mwezi wa tisa bila maandalizi ya msimu, kikosi kilichosajiliwa kwa ajili ya mtu mwingine, na Januari akashushiwa kikosi kingine juu ya kile. Ni sawa na kubadilisha fundi nyumba ikiwa kwenye lenta halafu unamletea na ramani mpya. Na ukitaka kujua kwamba tatizo sio lazima liwe kocha mpya, angalia Brighton wenyewe alikotoka, walimchukua De Zerbi mwezi huo huo wa tisa, katikati ya msimu pia, wakamaliza wa sita na kuingia Ulaya kwa mara ya kwanza katika historia yao. De Zerbi alikuta timu iliyozoea kucheza mpira wa chini kuanzia kwa kipa, yeye akaongeza chumvi tu.

Sasa iweke pembeni yake 2020/21.

Klabu ile ile, hali iliyofanana sana. Kiangazi walikuwa wametumia zaidi ya pauni milioni 200, Werner, Havertz, Ziyech, Chilwell, Mendy, na Thiago Silva bure. Lampard akafukuzwa tarehe 25 Januari 2021, mechi 19 za ligi, pointi 29, nafasi ya tisa. Kesho yake Tuchel katangazwa, mkataba wa miezi 18 tu, siku iliyofuata anacheza na Wolves baada ya mazoezi ya siku moja. Sare 0-0, watu wakalalamika. Lakini hakufungwa mechi 14 za mwanzo, na kile kipigo cha West Brom cha 5-2 kilikuwa ajali kweli maana baada ya hapo walikaza tena. Mechi 19 zilizobaki za ligi akakusanya pointi 38. Lampard 29, Tuchel 38, idadi ile ile ya mechi, wachezaji wale wale, hakusajiliwa hata mmoja Januari. Wakamaliza wa nne na tarehe 29 Mei pale Porto wakaifunga Manchester City 1-0 goli la Havertz, UEFA ya pili.

Alibadilisha nini? Hapa ndo pa kukaa na kuangalia kwa makini. Alienda beki tatu. Azpilicueta, Thiago Silva, Rüdiger nyuma, Alonso au Chilwell kushoto, James au Hudson-Odoi kulia, Kanté na Jorginho katikati. Rüdiger na Alonso walikuwa wamesahaulika chini ya Lampard. Na beki tatu haikuwa kitu kigeni pale, Chelsea ya Conte ilibeba ubingwa 2016/17 kwa mfumo huo huo na Azpilicueta, Alonso na Kanté wote walikuwepo. Kwa hiyo Tuchel alikuja na wazo ambalo nusu ya kikosi kilikuwa tayari kinalijua mwilini. Hakufundisha sana, alipanga.

Halafu chukua hiyo hiyo beki tatu uende nayo Old Trafford, kwa Manchester United, 2024/25. Erik ten Hag kafukuzwa tarehe 28 Oktoba 2024 baada ya kufungwa 2-1 na West Ham, United ya 14 na pointi 11 katika mechi tisa. Van Nistelrooy akashika kwa muda, mechi nne, kashinda tatu na sare moja. Kisha akaja Ruben Amorim kutoka Sporting, kocha mzuri, bingwa wa Ureno, na mwenyewe alisema wazi kwamba alipendelea kuja mwisho wa msimu lakini aliambiwa ni sasa au basi. Akaleta 3-4-3 yake kwenye kikosi kilichojengwa kwa ajili ya beki nne na mawinga wa pembeni, Rashford, Garnacho, watu ambao ule mfumo hauna hata nafasi yao ya asili. Na Novemba ratiba ya Uingereza haina huruma, Ligi, Europa, Carabao, utafundisha lini? Mechi yake ya kwanza pale Ipswich Rashford alifunga kabla hata dakika ya pili haijaisha, tukadhani mambo ndo hayo, ikaisha 1-1, na kufika mwanzoni mwa Februari Rashford yupo Villa kwa mkopo.

Mechi 27 za ligi, pointi 27. United ikamaliza ya 15 na pointi 42, msimu wao mbovu kuliko wote tangu EPL ianze. Kulikuwa na usiku wa raha, ile ya Lyon 5-4 Maguire anafunga kwa kichwa muda wa nyongeza unaisha sitaisahau hata kama sio timu yangu, lakini fainali ya Europa League kule Bilbao wakafungwa 1-0 na Tottenham ambayo yenyewe ilimaliza ya 17.

Kwa hiyo fomesheni ile ile, makocha wawili wenye akili, wote katikati ya msimu, mmoja kabeba UEFA mwingine kamaliza wa 15. Ndo maana mtu akiniuliza kocha gani aletwe siangalii kwanza jina, nauliza anakuja kubadilisha vitu vingapi, na waliopo wanaviweza? Kama jibu ni vingi na hawaviwezi, basi hata awe nani mngojee mpaka Juni.

Unai Emery pale Villa ananipa nguvu ya kusema hivi. Gerrard alifukuzwa tarehe 20 Oktoba 2022 baada ya kupigwa 3-0 na Fulham, Aaron Danks wa benchi la ufundi akashika mechi mbili, Emery alipoanza kazi Novemba timu ilikuwa na pointi 12 kwenye mechi 13. Akamaliza wa saba na pointi 61, yaani 49 kwenye mechi 25. Ni kweli alikuwa na bahati ambayo Amorim hakuwa nayo, lile pengo la Kombe la Dunia lilimpa wiki kadhaa za kufanya mazoezi na sehemu kubwa ya kikosi bila mechi za ligi, ni kama kapewa maandalizi ya msimu Desemba. Lakini angalia na usajili wa Januari, beki wa kushoto Alex Moreno na kijana Jhon Durán, basi. Wengine wote ni wale wale wa Gerrard, Watkins, McGinn, Mings, Douglas Luiz. Mwezi huo huo Chelsea walileta wanane.

Haya, na ile njia ya kumpa msaidizi? Mashabiki wa Chelsea wa zamani hapa hatuna haja ya kuhubiriwa, Roberto Di Matteo, 2011/12. André Villas-Boas alikuja kutoka Porto akiwa na miaka 33, akataka kuwasukuma wazee pembeni haraka, Anelka na Alex wakafukuzwa hadi kwenye mazoezi ya kikosi cha kwanza, Lampard na Ashley Cole wakaanzia benchi Napoli, wakapigwa 3-1. Machi 4 kaondoka. Di Matteo alikuwa msaidizi wake na mchezaji wa zamani wa klabu, kazi yake ikawa rahisi kuielezea na ngumu kuifanya, kuwarudisha wakubwa na kuwaambia hii ni nafasi yenu ya mwisho. Marudiano na Napoli ikaisha 4-1 baada ya muda wa nyongeza, wafungaji Drogba, Terry, Lampard, Ivanović. Soma hayo majina tena, wengi ni wale wale wakubwa. Nusu fainali kwa Barcelona pale Camp Nou, Terry kapewa nyekundu kabla ya mapumziko, wako kumi, nyuma 2-0, Ramires anamchopea Valdés, Messi anagonga mwamba kwa penalti, Torres anamalizia mwishoni. Fainali Munich dhidi ya Bayern, Drogba anasawazisha dakika ya 88 kwa kichwa kutoka kona, Čech anaokoa penalti ya Robben, matuta, bingwa. Na Kombe la FA juu.

Ila sasa wanaotetea njia hii huwa hawasemi upande wa pili. Kwenye ligi ule msimu Chelsea walimaliza wa sita. Kocha wa muda mara nyingi anaamsha timu kwa mechi kubwa kubwa, zile za wiki baada ya wiki zinabaki na ugonjwa wake. Di Matteo alipewa mkataba wa miaka miwili kiangazi, Novemba 21 katolewa. Na Solskjær je, United 2018/19, alichukua timu Desemba baada ya Mourinho, akashinda mechi nane za kwanza, akaenda Paris akapindua meza 3-1, Machi 28 wakampa mkataba wa kudumu na msimu bado haujaisha. Baada ya hapo timu ikaporomoka, wakatoka sare na Huddersfield waliokuwa washashuka, wakafungwa 2-0 nyumbani na Cardiff nao washashuka, wakamaliza wa sita. Ushauri wangu kwa njia hii ni mmoja tu, mpe msaidizi timu kwa roho safi, lakini mazungumzo ya mkataba yafanyike Juni, sio Machi watu wakiwa wamelewa ushindi.

Na Lampard 2023 alikuwa kwenye kundi hili hili kwa jina, mtu wa klabu, kipenzi cha mashabiki, kocha wa muda. Kwa nini Di Matteo aliweza na yeye hakuweza? Di Matteo alikuta Terry, Drogba, Lampard, Čech, Cole, watu ambao wangejiongoza hata bila kocha. Lampard alikuta chumba kimejaa wageni wa miezi mitatu, wengi vijana, hakuna aliyejua kama msimu ujao yupo. Hakukuwa na wa kuwarudisha. Hilo ndilo swali la kuuliza kabla ya kusema mpeni mtu wa nyumbani: chumbani kuna viongozi waliokasirika au hakuna viongozi kabisa? Kama wapo na wamekasirishwa na kocha aliyeondoka, mtu wa nyumbani atawaamsha. Kama hawapo, mapenzi ya mashabiki hayachezi mpira.

Zimamoto, wale wa kuokoa timu isishuke, nitapita haraka. Tofauti hapa ni kalenda. Everton walimleta Sean Dyche mwisho wa Januari 2023, mechi ya kwanza akamfunga Arsenal aliyekuwa anaongoza ligi 1-0 kichwa cha Tarkowski, mechi 18 pointi 21, wakapona siku ya mwisho. Leeds msimu huo huo walimleta Sam Allardyce Mei zikiwa zimebaki mechi nne, akapata pointi moja, wakashuka. Leicester waliachana na Rodgers Aprili, Dean Smith akapewa mechi nane, wakashuka pia. Januari zimamoto ana muda wa kupanga ukuta wake, Mei anakuja kupiga picha tu.

Kwa hiyo nikikaa mimi kwenye kiti cha kuamua, naenda hivi. Kama ni kabla ya Februari na kuna kocha yupo huru au anapatikana ambaye mfumo wake unaingia kwenye wachezaji waliopo bila kusajili watu wanane, namchukua huyo, njia ya Tuchel na Emery, na hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Kama kocha ninayemtaka ni wa mradi, mfumo wake unahitaji kikosi kingine, nasubiri kiangazi na timu nampa msaidizi, hata kama hiyo itanigharimu nafasi mbili tatu kwenye msimamo, maana United wangeweza kumwacha Van Nistelrooy mpaka Mei na Amorim akaanza Julai na wachezaji wake na wiki sita za mazoezi. Kama niko chini kwenye msimamo namtafuta zimamoto wangu kabla dirisha la Januari halijafungwa, baada ya hapo nabaki na niliyenaye.

Na wewe shabiki ambaye huamui kitu ila unataka kujua mapema timu yako imeangukia njia ipi, mechi ya kwanza ya kocha mpya achana na matokeo, chukua kikosi kilichotoka lisaa limoja kabla ya mechi. Hesabu wangapi wamerudi kwenye nafasi walizozoea na wangapi wamewekwa mahali ambapo hawajawahi kucheza. Ukiona Rüdiger karudi pale pake, subiri kidogo usitukane sare ya 0-0. Ukiona winga kawekwa beki wa pembeni, na kocha anasema anahitaji muda, na ratiba ina mechi tatu kwa wiki mpaka Machi, anza kuangalia pengo la pointi kutoka chini sio kutoka juu.